Kidole Tumbo cha Wifi

"Kilishatolewa," alisema daktari, macho yake yakiwa kwenye kompyuta. "Hiki hapa. Kidole tumbo, upasuaji wa matundu, mgonjwa aliruhusiwa akiwa na hali nzuri. Kwa hiyo mama, hicho tusikifikirie kabisa."

Mama mwenyewe alikuwa amejikunja kitandani, magoti yanakaribia kidevu, ameuma ncha ya shuka. Mumewe, seremala ambaye mtaa mzima humwita Randa, alisimama pembeni ameshika mkoba wa nguo kwa mikono miwili. Aliposikia maneno yale alimtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, kisha wote wawili wakatazama sakafu, kama watoto waliofumaniwa na sukari mdomoni.

Maana kidole tumbo kilitolewa kweli, ila si kwenye tumbo hili. Kilitolewa kwenye tumbo la wifi mtu, dada yake Randa, msusi, enzi zile akiishi na Randa na mkewe bila bima na bila kazi ya kueleweka. Aliugua ghafla. Kadi ya bima nyumbani ilikuwa ya mke wa Randa, anayoipata kwa kushona sare kiwandani, na ni yeye mwenyewe aliyeichomoa kwenye pochi. "Chukueni," alisema. "Picha yenyewe imefifia, na wote tuna mashavu." Siku zile kwenye dirisha la bima hospitalini walitazama kadi, hawakumtazama mtu, mashine ya alama za vidole ilikuwa bado haijaletwa. Basi wifi akalazwa kwa jina la wifi yake, akapasuliwa, akapona, akarudi nyumbani, akaanza tena kugombana na watu kuhusu redio. Nyumba nzima ikasahau. Kompyuta haikusahau.

"Ungekuwa nacho," daktari aliendelea, akibonyeza upande wa kulia wa tumbo, na mama akatoa mlio uliomfanya Randa afumbe macho, "ningesema ni hicho hicho wala nisingebabaika. Maumivu yameanzia kitovuni yakahamia huku, umetapika, una homa. Dalili zote ni zake."

Akainama kutafuta makovu. Tumbo la mama huyu limebeba watoto, limewahi kurukiwa na mafuta ya kukaangia, na lina alama za tetekuwanga ya utotoni. Daktari akaona kidoa karibu na kitovu, akaona kingine chini yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Naam, matundu yenyewe haya. Yamepona vizuri sana."

Alikuwa kijana, mpole, si mtu wa dharau. Watu aliwaamini, ila kompyuta aliiamini zaidi, na kwa kawaida haikumtupa. Aliandika dawa za vidonda vya tumbo na dripu ya maji. Kipimo cha picha ya tumbo alikiomba, mfumo ukakikataa papo hapo: bima haikuona sababu ya kutafuta kitu ambacho hakipo. Akasema mama apumzike wodini, jioni wataangalia kama anaweza kwenda nyumbani, akahamia kitanda cha pili.

Randa aliinama karibu na sikio la mkewe. "Ngoja nimfuate nimwambie."

"Umwambie nini?"

"Kwamba si wewe."

"Baba watoto, ukifungua mdomo wako, kiwandani sina cherehani tena. Na wifi watamfunga."

"Na wewe je?"

"Mimi ni tumbo tu. Litapoa." Akavuta pumzi kwa shida. "Niapie hutasema."

Randa ni mtu wa kumsikiliza mkewe, na mkewe akiwa na homa ndiyo kabisa. Akaapa. Lakini kukaa hakuweza. Aliketi, akainuka, akaifunga na kuifungua zipu ya mkoba, na kila mke alipoguna yeye alihisi kitu kinamkwangua moyoni. Mwisho akajipa moyo kwamba kusema ukweli ameapa hatasema, ila uongo hakuna aliyemkataza.

* * *

Alimkuta daktari kwenye meza ya manesi, na mbele yake kuna benchi refu lililojaa watu wasio na la kufanya ila kusikiliza.

"Dokta, samahani. Nina swali la kijinga."

"Uliza tu, mzee."

"Kile kidole tumbo. Hakiwezi kuota tena?"

Daktari akaacha kuandika. "Kuota?"

"Pengine walibakiza kishina. Mti ukikatwa vibaya unachipua, mimi ni seremala, nayajua hayo."

"Kidole tumbo hakioti, mzee. Si kucha."

Nesi mmoja alifunika mdomo kwa faili. Mwenzake hakujisumbua kufunika. Randa alihisi masikio yanawaka, lakini maji alishayavulia nguo.

"Mimi nakuhakikishia kimeota. Namjua mke wangu."

"Na mimi naangalia rekodi zake hapa. Kompyuta inaonyesha wazi kwamba—"

"Kompyuta hailali naye kitanda kimoja!"

Benchi lote likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa na bandeji kichwani alicheka mpaka akaishika bandeji. Daktari naye alitabasamu, tena kwa huruma, akamgusa Randa begani, akamwambia aende akanywe chai maana mwenye kuuguza naye huchoka akili. Huruma hiyo ilimuuma kuliko kicheko. Angetukanwa angepata pa kujibia.

Alitoka nje, akasimama karibu na bomba ambapo watu walikuwa wakiosha vyombo vya wagonjwa, akampigia dada yake saluni.

"Kaka, fanya haraka, nina mteja. Nimefika nusu kichwa."

Akamweleza. Alieleza kwa sauti ya chini huku akizungukazunguka, na alipofika kwenye maneno ya daktari, kelele za upande wa pili zilikatika. Hata redio ya saluni ilizimwa.

"Wifi anasemaje?" dada yake aliuliza.

"Amenikataza kusema."

"Basi msikilize, kaka. Wifi ana akili kuliko sisi wote." Akashusha sauti. "Kuna mwanamke hapa mtaani walimkamata kwa kadi ya shemeji yake. Walimpandisha kwenye gari hivi hivi, na kilemba chake cha kulalia. Mimi ndiyo kwanza nimefungua saluni yangu mwenyewe, kaka. Kodi ya fremu nimelipa kwa kujinyima kula."

"Sijakwambia uje."

"Sasa umenipigia ya nini?"

Jibu Randa alilijua, ila lilimtia aibu: alitaka dada yake ajitaje mwenyewe, ili yeye abaki hajavunja kiapo na wala hajamchoma mtu. Alimkasirikia dada yake kwa kuogopa, akajikasirikia mwenyewe kwa kuogopa vilevile, akakata simu bila kuaga.

* * *

Aliporudi wodini alimkuta mkewe amenyoosha miguu. Uso uliokuwa umefinyangwa tangu alfajiri ulikuwa umelegea, na macho yalikuwa wazi.

"Limeacha," alisema mkewe.

"Limeacha nini?"

"Kuuma. Limeacha tu lenyewe." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini. "Nilikwambia litapoa. Ungekwenda kutuanika bure."

Randa alimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mgonjwa wa jirani akaitikia amina. Alilivuta lile shuka akamfunika miguu, akapiga kidole kwenye chupa ya dripu bila sababu yoyote, akampongeza nesi kana kwamba nesi ndiye aliyefanya miujiza. Nesi alisogeza kompyuta yake ya magurudumu, akauliza, "Maumivu?" Mama akasema, "Hakuna." Nesi akaandika nafuu. Dawa za vidonda zimefanya kazi, alisema, na Randa akaona kweli vijana hawa wamesoma, na yeye ni mpumbavu wa kuzungumza habari za kuchipua mbele ya watu.

Akatoka tena kwenye bomba kumtoa dada yake wasiwasi.

"Tulia dada, mambo yamekwisha. Limeacha kuuma."

"Limeacha lini?"

"Sasa hivi. Ghafla tu, mwenyewe anacheka."

"Ghafla?" Kitu kilianguka saluni, kikabingirika. "Kaka, nisikilize. Yule daktari aliyenipasua mimi aliniambia nina bahati nimewahi. Alisema likikuuma hivyo halafu likaacha ghafla, hiyo si nafuu. Kidole tumbo kimepasuka. Uchafu unamwagika ndani, na baada ya hapo mtu ana saa chache tu. Kaka, unanisikia?"

Randa alikuwa ameshageukia mlango wa wodi.

"Mfuate daktari. Mwambie ni mimi. Nitaje jina, mwambie na mahali ninapokaa. Nakuja."

Alikimbia. Koridoni alimpita yule mzee wa bandeji, ambaye alimwita, "Vipi, kimeota kingine?" Randa hakugeuka. Alimkuta daktari anavua glavu mlangoni mwa wodi ya wanaume.

"Dokta, aliyepasuliwa si mke wangu. Ni dada yangu. Alitumia kadi yake."

Daktari alimtazama kwa uchovu. "Asubuhi kimeota. Sasa hivi ni cha dada yako. Jioni kitakuwa cha nani, mzee wangu?"

"Asubuhi nilidanganya."

"Na sasa?"

"Sasa nasema kweli."

"Nitajuaje?"

Hapo ndipo Randa alipouona uongo wake wa asubuhi ulivyomkaba. Alisimama mbele ya kijana yule na kitu pekee alichokuwa nacho ni maneno, na maneno yake alishayachezea mbele ya benchi zima. Alijisikia kama anazama.

"Twende umwone," alisema. "Umwone tu, nakuomba."

Daktari alikwenda. Alimkuta mgonjwa ametulia, na kwenye kompyuta pameandikwa nafuu. Aliweka mkono kwenye paji la uso, akaitazama ile namba ya homa, akaitazama tena. Imepanda. Alikuna shingo.

"Mzee, nielewe. Siwezi kumfungua mtu tumbo kutafuta kitu ambacho rekodi inasema hakipo. Nikikikosa nitajibu nini? Nani atanitetea?"

"Baba watoto," mkewe aliita kwa sauti nyembamba, "umemwambia nini?"

Randa akamshika mkono. "Nimekuvunjia kiapo. Nisamehe baadaye."

* * *

Msusi aliingia wodini akiwa amevaa aproni ya saluni, chanuo limesahauliwa kwenye nywele zake mwenyewe, vidole vinang'aa mafuta. Nyuma yake alikuja mwanamke mwingine, upande mmoja wa kichwa amesukwa vizuri na upande wa pili nywele zimesimama wima. Mlinzi alijaribu kuwazuia kwamba si muda wa kuona wagonjwa. Mteja yule akamjibu kwamba yeye hamwoni mgonjwa yeyote, anamfuata mtu aliyemwacha nusu kichwa.

"Yuko wapi daktari?" msusi aliuliza. Akamwona. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile kompyuta ya magurudumu, akaweka kidole juu yake. "Huyo uliye naye humu ndani ni mimi."

Daktari, kwa mazoea, akatazama kwenye kompyuta. "Jina hili ni lako?"

"Jina ni la wifi. Tumbo ni langu."

"Hapa inaonyesha mwaka wa kuzaliwa—"

"Dokta, usitazame huko. Nitazame mimi."

Akafungua aproni, akapandisha blauzi pale pale katikati ya wodi, wagonjwa wanatazama, mlinzi anatazama, kaka yake anatazama ukuta. Mteja wake akanyakua shuka kwenye kitanda kitupu, akalitandaza kwa mikono miwili kumkinga, akimfokea mlinzi ageuke. Nyuma ya shuka lile daktari aliyaona: kovu moja ndani ya kitovu, jingine juu ya mfupa wa nyonga, la tatu chini kabisa, yamepangana sawasawa kama yalivyoelezwa kwenye rekodi. Akayagusa moja moja.

"Alikuambia nini, aliyekupasua?"

"Kwamba likiacha ghafla, nisifurahi."

Daktari akageuka. Safari hii hakugusa kompyuta. Alimwendea mama, akaweka kiganja juu ya tumbo, akabonyeza taratibu, na Randa akaona sura ya kijana inabadilika. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

"Chumba cha upasuaji," alimwambia nesi. "Sasa hivi. Msimsubiri mtu."

Binti wa dirisha la bima aliitwa akaja mbio na karatasi zake. "Dokta, mfumo unakataa. Unasema kiungo kimeshaondolewa, hakiwezi kuondolewa mara ya pili."

"Andika chochote utakachokubaliwa kuandika," alisema daktari akiondoka. "Mimi naenda kunawa mikono."

* * *

Walipomsukuma mgonjwa kupita milango miwili, ofisa wa bima wa hospitali, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwaita Randa na dada yake ofisini kwake. Aliwaketisha, akaufunga mlango.

"Wazo lilikuwa la nani?"

"Langu," alisema Randa.

"Langu mimi," alisema dada yake.

"Na mgonjwa akiamka atasema ni lake," alisema ofisa, akashusha miwani. Alikuwa amewahi kuwaona wengi wa namna hii na hakuonekana kushangaa wala kufurahi. "Mnajua mlichokifanya? Hamkuiba pesa tu. Mmemwandikia mtu ugonjwa usio wake. Siku hizi kinachoandikwa mle ndicho kinachotibiwa. Angekufa na rekodi inasema yuko salama."

Dada yake Randa alilia bila kujificha. Alisema yuko tayari kwenda popote anapopelekwa, ila wamruhusu kwanza ajue wifi yake ametoka salama. Ofisa alimsogezea karatasi ya kuandikia maelezo na kiboksi cha tishu, akamwambia hakuna gari linalokuja kumchukua. Wangekamatwa wakiwa wanaficha, lingekuwa jambo jingine. Wamekuja wenyewe, tena kwa miguu yao. Gharama ya upasuaji wa zamani itarudishwa kidogo kidogo, kadi itasimamishwa kwa muda, na kiwandani ataandika kwamba kosa limeripotiwa na familia yenyewe na limerekebishwa. Zaidi ya hapo hakuahidi.

"Na hii ya leo?" Randa aliuliza. "Nani analipa?"

"Ya leo ni tumbo la mwenye kadi," alisema ofisa. "Ndiyo pekee katika habari yenu yote iliyo halali."

Randa hakujua kama anaruhusiwa kucheka, kwa hiyo hakucheka.

Walikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, kaka na dada, na mteja wa nusu kichwa katikati yao, maana alikataa kuondoka. Mlango ulipofunguka daktari alitoka akiwa na kibakuli cha chuma, akamwinamishia Randa. Ndani kulikuwa na kitu chekundu kilichokaribia weusi, kirefu kama kidole cha mtoto, kimechanika nchani.

"Hiki hapa, mzee. Hakikuota. Kilikuwapo siku zote."

"Na mwenyewe?"

"Tumemsafisha vizuri. Kilikuwa kimepasuka muda si mrefu. Atapona."

Randa aliketi sakafuni, mgongo ukutani, machozi yanateremka na meno nje. Dada yake alikumbatiana na mteja wake. Daktari, badala ya kuondoka, alichuchumaa karibu na Randa, kibakuli bado mkononi.

"Nilimpa dawa za vidonda," alisema polepole. "Jioni ningemruhusu arudi nyumbani."

"Tulikudanganya, dokta."

"Mlinidanganya, ndiyo. Lakini tumbo lilikuwa hapa mbele yangu, nikaacha kulisikiliza." Akainuka, akaenda na kibakuli chake.

* * *

Asubuhi yake mama aliweza kukalishwa na mito mgongoni. Alikuwa amekauka midomo, na neno la kwanza lenye nguvu alilolisema lilikuwa la kugomba.

"Nani alikutuma ujitaje? Sikumkataza huyu mwanamume?"

"Alikataa kukatazwa," alisema wifi yake.

"Na wewe ukaja na aproni, ukavua nguo wodini. Nimeshasimuliwa na wodi nzima. Hata aliyelala alisimuliwa akanisimulia."

"Wifi, nilikuwa natembea mjini mzima mzima kwa sababu yako, na wewe umelala hapa unakufa kwa sababu yangu. Ulitaka nikae nisuke?"

Mama akageuza uso kwenye mto. Mabega yalimtikisika, na kwa kuwa kulia kulimuuma kwenye mshono, alilia na kulalamika kwa pamoja. Wifi yake akapanda ukingoni mwa kitanda, akamshika kichwa, akaanza kumfumua nywele zilizofungana kwa jasho la jana, taratibu, bila kuuliza kama anataka.

"Kichwa chako aibu tupu," alinong'ona. "Watu watasema huna wifi."

Randa aliwatazama mpaka akaona anazidi kuwa wa ziada. Alitoka, akaosha uso bombani, akaenda kwenye dirisha la bima kusaini karatasi za makato ya kurudisha gharama ya ule upasuaji wa zamani, kama alivyoambiwa. Foleni ilikuwa imepinda kona. Alipofika mbele, binti wa dirishani alimwomba radhi: kuna rekodi ya mgonjwa mmoja inatenganishwa iwe ya watu wawili, na kompyuta zote zimekwama tangu walipoanza. Huenda ikachukua muda mrefu, alisema, tena huenda asubuhi yote. Watu nyuma wakaguna.

"Sina haraka, binti yangu," alisema Randa, akaegemea ukuta.